Eastlands kwa Nguvu ya Mikono

Nairobi imeinama. Abiria wa matatu halijui hilo, na hata mwenda kwa miguu hulihisi kwa nadra, lakini jiji lote limelala juu ya mteremko unaoanzia nyanda za juu za Limuru na Ngong na kushuka polepole hadi tambarare za Athi. Mito inafuata mwelekeo huo huo. Mathare, Nairobi na Ngong hulikata jiji kutoka magharibi, na ikifika Eastlands, upande wa mashariki, huwa imeishiwa na haraka. Udongo nao hubadilika njiani. Kule Karura na Kilimani ni mwekundu. Ukishapita katikati ya mji kuelekea Makadara, Umoja na Kayole unakutana na ule mweusi wa pamba, ambao hupasuka kiangazini na kunata kama ulimbo masika yakianza.

Mwalimu aliyajua yote hayo kupitia mabega yake.

Mtaani Umoja hakuna anayemwita kwa jina la kuzaliwa. Alifundisha hesabu na jiografia katika shule ya msingi hadi akastaafu, na aliowafundisha sasa ni makondakta, mafundi, wauguzi na akina mama wenye vibanda, kwa hiyo kila kona ana mtu wa kumwamkua. Polio ilimpata kabla hajajifunza kutembea vizuri. Akakua kwa magongo na vyuma vya miguu, akasoma, akafundisha, akalea watoto. Baiskeli ya mkono ilikuja baadaye sana, wakati mabega yalipoanza kuyakataa magongo na daktari akamweleza kwamba viungo hivyo havikuumbwa kubeba mwili mzima maisha yote. Aliinunua ili afike sokoni na kanisani. Kwamba ingemfanya mtalii katika mitaa aliyoishi tangu ujana wake, hilo halikuwa katika hesabu zake.

Chombo chenyewe kinajulikana kote Afrika Mashariki, ingawa wanaokitazama ni wengi kuliko wanaoelewa kinavyokwenda. Kina magurudumu mawili nyuma na moja mbele, kiti katikati, na mbele ya kifua cha mwendeshaji vishikio viwili vya kuzungusha. Mnyororo unashuka kutoka hapo hadi kwenye gurudumu la mbele. Usukani na pedali ni kitu kimoja: mkono unaoleta mwendo ndio unaokata kona, na ndio unaokamata breki. Mkono mmoja ukichoka, kazi zote tatu zinayumba. Hapa Kenya, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kina karakana Nairobi ambako viti vya magurudumu na vyombo vingine vya kuwasaidia watu kutembea vimekuwa vikitengenezwa. Wazo lenyewe ni la kale. Mwaka 1655 fundi saa wa Nuremberg, Ujerumani, aitwaye Stephan Farffler, ambaye hakuweza kutembea, alijiundia kigari cha magurudumu matatu kilichoendeshwa kwa mikono, zaidi ya karne moja na nusu kabla ya baiskeli ya kwanza ya magurudumu mawili. Na katika Michezo ya Paralimpiki ya Athens, mwaka 2004, mbio za baiskeli za mkono ziliingizwa rasmi.

Baiskeli za mbio za namna hiyo zina gia nyingi, na mwendeshaji hulala chali karibu kugusa lami. Ya Mwalimu ina gia moja na kiti cha juu, wima. Vijana wapenda baiskeli humwonea huruma kwa hilo, lakini katika Jogoo Road kiti cha juu kina faida kubwa: dereva wa matatu anaona kichwa na mabega ya mtu. Anayelala chini angefichwa na boneti.

Ukanda wa Afrika Mashariki umezoea kuiona baiskeli ya mkono kama chombo cha kazi. Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, watu wenye ulemavu wamevusha bidhaa kwa baiskeli za mkono kwa miaka mingi, wakipata riziki na heshima ambayo wengi wao hawakuipata mashambani. Kati ya Goma na Gisenyi, mpakani mwa Kongo na Rwanda, hali ni hiyo hiyo: vigari vipana vya magurudumu matatu, vimejazwa mizigo hadi juu ya kichwa cha mwendeshaji, vikisukumwa na vijana kwa nyuma. Ni historia ya kujivunia. Lakini imeacha nyuma yake mazoea fulani machoni pa watu. Mtu akionekana juu ya baiskeli ya aina hiyo, wapita njia hudhani anakwenda kazini, au hospitalini, au kuomba. Kwamba ametoka tu kubarizi, kutazama miti na kusalimia watu, halimjii mtu akilini.

Asubuhi moja ya Jumamosi, karibu na soko la Mutindwa, mwanamke mmoja muuza mboga alimwita.

"Mwalimu, habari ya asubuhi? Leo ni kliniki?"

"Nzuri, mama. Hapana, sina kliniki. Natembea tu."

"Unatembea tu, na jua hili? Kwani huko uendako kuna nini?"

Mwalimu alimwambia kwamba Kaloleni mijakaranda imechanua na alitaka kuiona. Mwanamke yule akanyamaza, akafikiri, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe hajafika Kaloleni tangu aolewe, ingawa matatu hupita hapo kila siku. Mazungumzo hayo mafupi yalimkaa Mwalimu moyoni kwa muda mrefu. Yalimwonyesha kwamba mtu mzima wa Eastlands, mwenye miguu au asiye nayo, amefundishwa kwamba kutoka nyumbani lazima kuwe na shida nyuma yake.

Sheria inasema vinginevyo, na inafaa kusemwa wazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2008, una kifungu kizima, cha 30, kinachohusu utamaduni, burudani, mapumziko na michezo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote, bila kutaja kwamba mahali hapo pawe ofisi au zahanati. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao 900,000 wenye ulemavu nchini, wenye umri wa miaka 5 kwenda juu, na ugumu wa kutembea ndio uliotajwa na wengi zaidi. Hao wote wana haki ya Jumamosi.

Njia ya kwanza Mwalimu kuifahamu ilikuwa Buruburu. Mtaa huo ulijengwa kwa awamu tangu miaka ya 1970, nyumba zikipangwa kuzunguka korti ndogo ndogo ili magari yasipite kwa kasi mbele ya milango. Kwa mwendeshaji wa mkono mpango huo ni neema. Barabara za ndani zina lami au kabro, magari ni machache, kivuli kipo, na mteremko ni mdogo. Zamani njia nyembamba za miguu ziliunganisha korti moja na nyingine, mtu akaweza kukata mtaa mzima bila kugusa barabara kuu. Baada ya wizi kuongezeka wakazi waliweka mageti, na njia nyingi zikawa na mwisho. Hakuna wa kuwalaumu kwa kutaka kulala salama. Ila Mwalimu aligundua kwamba geti lina saa zake na lina mtu wake. Askari wa zamu ya asubuhi akikufahamu, ukamjulia hali na kumuuliza habari za nyumbani, ramani inafunguka tena. Kuna korti ambazo alipita kwa urafiki wa askari mmoja, na askari huyo alipohama kazi, njia ikafungwa hadi alipojuana na mwingine.

Buruburu ina jambo jingine ambalo waendesha baiskeli wote wa Nairobi wanalijua: ua wa kayaba. Miiba yake ni mirefu na migumu, na mtunza bustani akiupunguza ua, vijiti vilivyoanguka barabarani hutoboa tairi lolote. Fundi mmoja kando ya Rabai Road alimfundisha Mwalimu dawa yake. Alichukua tyubu kuukuu, akaipasua kwa urefu, akaikata vali, akaitandaza ndani ya tairi chini ya tyubu nzima. Gurudumu linakuwa zito kidogo, lakini mwiba unaishia kwenye tabaka la kwanza. Fundi huyo huyo ndiye aliyeondoa madigadi ya mbele mvua za kwanza zilipokuja, kwa sababu udongo mweusi ulikuwa ukijaa kati yake na tairi hadi gurudumu likasimama kabisa, katikati ya njia, na Mwalimu asiweze kwenda mbele wala nyuma.

Kuhusu udongo huo, hakuna ujanja unaoushinda isipokuwa subira. Mvua ndefu za Machi hadi Mei na zile fupi za Oktoba hadi Desemba hufunga kila njia isiyo na lami upande wa Kayole na Njiru. Jua likiwaka siku nzima, juu panaonekana pamekauka, na chini bado ni tope. Mwalimu alijifunza kutazama nyayo za punda na alama za mikokoteni ya maji: kingo zake zikivunjika na kuwa unga, njia inapitika, zikiwa bado zinang'aa, arudi kwenye lami.

Kaloleni ndiyo iliyokuwa pendo lake. Mtaa huo ulijengwa katika miaka ya 1940, wakati serikali ya kikoloni ilipolazimika kukubali kwamba mfanyakazi Mwafrika anakaa mjini na familia yake, na wapangaji wa miji waliufuata mtindo wa miji ya bustani uliotoka Uingereza: nyumba za chini za mawe, vigae vyekundu, na kati ya safu moja na nyingine uwanja wazi wenye nyasi na miti. Katikati kuna ukumbi wa jamii ambako Tom Mboya na wanasiasa wenzake walizungumza na watu katika miaka ya 1950. Njia za ndani ni pana na hazina magari mengi. Mtu akizunguka polepole anaweza kupita mbele ya ukumbi, akakata chini ya miti, akasikiliza watoto wakicheza mpira na wazee wakibishana chini ya kivuli, na asiulizwe na yeyote ana shida gani.

Huko ndiko ualimu ulikomrudia. Watoto walimfuata baiskeli, naye akawaambia mambo ambayo shule haikuwaambia. Kwamba mitaa ya Ofafa ina jina la Ambrose Ofafa, diwani wa jiji aliyeuawa mwaka 1953. Kwamba mtaa wa Mbotela ni ukumbusho wa Tom Mbotela, aliyeuawa Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya hali ya hatari kutangazwa. Watoto walikuwa wakiyatamka majina hayo kila siku kwenye vituo vya matatu bila kujua kwamba walikuwa watu. Mwendo wa baiskeli ya mkono, ambao ni wa kasi kidogo kuliko mtembeaji na wa polepole kuliko kila kitu kingine barabarani, unafaa sana kwa mafunzo ya aina hiyo. Unafika, unasimama bila kutafuta maegesho, na tayari umeketi.

Kwa nini hasa Kaloleni kabla ya kwingine? Kwa sababu ya ule mteremko. Umoja iko mashariki, Kaloleni magharibi, na safari ya kwenda ni ya kupanda kwa kiasi ambacho jicho halioni. Mwanzoni Mwalimu alipenda kwenda upande wa Kayole na Njiru, kwa kuwa mwendo ulikuwa mwepesi na upepo mtamu, kisha akateseka wakati wa kurudi, mikono ikiwa imeishiwa nguvu na kilima kikiwa mbele yake. Alipoligeuza hilo, matembezi yake yote yalibadilika. Panda magharibi asubuhi mikono ikiwa mibichi, rudi mashariki ardhi ikikusaidia. Mtu wa miguu hahitaji kanuni hiyo. Misuli ya paja ni mikubwa na imezoea. Ya bega ni midogo, na ikiumia haipumziki, kwa maana mwendeshaji huyo huyo anaihitaji kujiinua kutoka kitandani na kuingia bafuni. Ndiyo sababu anayetumia baiskeli ya mkono hupanga safari kwa kuanzia mwisho wake.

Jambo jingine la kilimani ni gurudumu la mbele. Kwenye kupanda, uzito wa mwili unarudi nyuma, gurudumu linalovuta linabaki jepesi, na likikutana na changarawe linazunguka bure. Mwalimu alifunga dumu la maji la lita 5 juu ya gurudumu hilo. Maji yalimpa uzito wa kushika njia, na akifika juu alikuwa na ya kunywa.

Kuna pia suala la kusukumwa. Watu wa Eastlands wana moyo wa kusaidia na hawaoni haya kuuonyesha. Kijana anamwona mtu anapanda, anakimbia, anashika kiti kwa nyuma na kusukuma kwa nguvu zake zote. Anachokosa kujua ni kwamba njia inashikwa na mikono ya aliyeketi, na msukumo wa ghafla hugeuza gurudumu la mbele upande asioutaka. Mwalimu aliwahi kutumbukizwa mtaroni kwa wema. Hakumkasirikia aliyemsukuma, na wala hakuacha kupokea msaada, alichofanya ni kuwafundisha watu wa njia zake sentensi moja, "Mwalimu, nikusaidie?", na kusubiri jibu. Siku nyingine jibu ni ndiyo. Siku nyingine anataka kukipanda kilima mwenyewe, kwa sababu kilima ndicho alichokifuata.

Mtu asidhani kwamba furaha hiyo ni ya ajabu au ya mmoja tu. Nairobi ina Douglas Sidialo, aliyepoteza macho katika shambulio la bomu la Agosti 7, 1998, na ambaye baadaye alipanda Kilimanjaro na kuendesha tandemu, yeye akiwa nyuma na mwenye macho mbele, kutoka Cairo hadi Cape Town. Tangu 2014 waendesha baiskeli wa jiji hukusanyika kila mwezi katika msafara wa Critical Mass na kupita barabarani kwa wingi ili waonekane. Miongoni mwa mamia hayo, anayekuja na baiskeli ya mkono anapokelewa vizuri. Kazi ngumu ni kufika mahali pa kuanzia.

Hapo ndipo daraja linapoingia. Outering Road ilipopanuliwa, kwa urefu wa kilomita zipatazo 13, ilipata njia za kando za waenda kwa miguu na baiskeli, na kwa Umoja, Donholm na Kariobangi hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Mtu anaweza kwenda umbali mrefu bila kugombea lami na lori. Lakini barabara pana inavukwa kwa daraja. Kanuni ya kimataifa inataka kila sentimita moja ya kupanda ipewe angalau sentimita 12 za mlalo. Fanya hesabu ya Mwalimu: daraja lenye kimo cha mita 5.5 linadai rampu ya mita 66 upande mmoja, na nyingine kama hiyo upande wa pili. Mita hizo mikono inaweza kuzimudu. Kinachoshinda ni kona. Rampu ndefu hukunjwa mara mbili au tatu ili itoshe mahali padogo, na penye mkunjo huwekwa kituo ambacho mara nyingi hupimwa kwa kiti cha magurudumu, ambacho hugeuka ndani ya mita 1.5. Baiskeli ya mkono inakaribia mita 2 kwa urefu. Haigeuki hapo.

Kwenye daraja moja la aina hiyo Mwalimu alikwama katikati, uso ukiwa umeelekea vyuma vya pembeni. Baiskeli yake haina kurudi nyuma. Ukizungusha vishikio kinyume, friwili inalia na gurudumu halifuati. Ilimbidi ashike matairi ya nyuma kwa viganja, arudi kidogo, aelekeze, asogee, arudi tena, huku watu wakijibana kumpisha. Alivuka. Alipofika chini akatoa kamba, akaanza kupima. Tangu siku hiyo utepe wa fundi seremala haukosi katika mfuko wa kiti chake.

Kipimo anachokitaja mara nyingi ni upana wa baiskeli yake, karibu sentimita 80. Njia nyingi za waenda kwa miguu Nairobi huanza na nguzo za chuma zilizowekwa kuzuia bodaboda, na nia hiyo ni nzuri, kwa sababu bodaboda zinazopanda njia za miguu zinaumiza watu. Ila nguzo zikikaribiana kwa sentimita 60 au 70, bodaboda nyembamba inapenya na Mwalimu anabaki nje. Aliyewekewa ulinzi ndiye anayezuiwa. Yeye hashauri nguzo ziondolewe. Anataka mwanya wa sentimita 90 na sakafu iliyo sawa. Pia kuna mawe mazuri ya mapambo ambayo huweka mitetemo mikononi hadi vidole vikafa ganzi, ilhali kabro iliyopangwa vizuri haina tatizo lolote. Mambo haya hayagharimu zaidi yakifikiriwa mapema. Sera ya jiji kuhusu usafiri wa miguu na baiskeli, ya mwaka 2015, iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa njia hizo. Mwalimu wa hesabu anaweza kufurahia asilimia, lakini furaha kamili ataipata kwenye saruji.

Safari ya Karura ilimfunza jambo ambalo hakulitarajia. Wanawe walipakia baiskeli kwenye pikapu, wakaifunga kwa kamba, wakavuka mji mzima hadi msitu ule wa hekta zipatazo 1,041 ambao Wangari Maathai aliutetea hadi akapigwa na kujeruhiwa kichwani, Januari 1999. Baada ya ua wa umeme kuwekwa na jamii kushirikiana na idara ya misitu, watu walianza kuingia kwa wingi tangu 2011, na leo familia hukodi baiskeli langoni. Mwalimu alifika akidhani angevutiwa na miti. Miti ilimvutia, na udongo mwekundu ulibonyea vizuri chini ya matairi. Lakini kilichomshika kabisa ni vibao vya namba kwenye njia panda. Mgeni anasoma namba, anatazama ramani, anajua yuko wapi, amebakisha umbali gani, na ageukie wapi kabla nguvu hazijaisha. Kuna sehemu hakuweza kufika, zile zenye ngazi kuelekea maporomoko, na hilo lilimuuma. Hata hivyo aliondoka na swali la kufanyia kazi: kwa nini Eastlands haina vibao?

Akachora ramani. Watoto wa jirani, wale waliokuwa wakimfuata, walimsaidia kuhesabu na kupaka rangi. Kijani kwa njia laini, manjano kwa zile za kiangazi pekee, nyekundu kwa geti lenye saa. Waliweka alama penye kivuli, penye choo kinachoingilika, penye fundi, na pale ambapo mteremko unaanza. Upande wa kaskazini waliingiza Dandora, mtaa ulioanzishwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambako wajenzi waligawiwa viwanja vyenye maji na choo kuzunguka nyua za pamoja. Kwa miaka mingi nyua hizo zilikuwa majalala. Kisha vijana wa Dandora Transformation League walianzisha mashindano ya kusafisha na kupamba, korti kwa korti, na leo kuna nyua zenye rangi, maua na viti, ambamo mtu anaweza kuzunguka kwa raha kati ya bembea na kamba za nguo.

Mbele ya hapo ni Korogocho na Mto Nairobi. Kundi la Komb Green, lililoanza mwaka 2017, lilifukua takataka kwenye kingo za mto na kupanda bustani ya umma. Mwalimu alipofika mara ya kwanza aliteremshwa na vijana wanne, baada ya kumuuliza kwanza, na akakaa ukingoni akitazama mto ambao maisha yake yote aliusikia ukitajwa kwa harufu. Maji yalikuwa bado machafu. Kingo zilikuwa za kijani. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyokumba mabonde ya mito ya jiji yalikumbusha kila mtu kwamba ukingo wa mto haufai kujengwa nyumba. Unafaa miti, nyasi na njia. Machi 2025 serikali ilizindua mradi wa kuufufua Mto Nairobi kwa urefu wa kilomita zipatazo 27, ukiwa na mipango ya njia za miguu na baiskeli. Wakati huo huo mitaa ya zamani ya kaunti imo katika mipango ya kubomolewa ili maghorofa yajengwe. Uamuzi wa mambo haya mawili ndio utakaoonyesha iwapo mtu wa kiti cha magurudumu atapata ukingo wa mto na kupoteza uwanja wa nyasi, au atabaki na vyote viwili. Mwandishi wa makala haya ana imani kwamba vyote viwili vinawezekana, mradi watu wenye mikono ya kupima waitwe kabla ya saruji kumwagwa.

Katika korti moja ya Buruburu hawakusubiri serikali. Mwalimu alipima nguzo mbili za chuma penye njia ya mkato, akawaonyesha wakazi utepe, wakaitana mkutano. Walibishana jioni nzima kuhusu bodaboda. Mwishowe nguzo moja ilikatwa na kuchomelewa upya, mwanya ukawa sentimita 90, na mbele kidogo wakaongeza kona ndogo ambayo pikipiki haiipendi. Wa kwanza kufaidika hakuwa Mwalimu. Alikuwa mchuuzi wa maji na mkokoteni wake, kisha mama mwenye mapacha katika kigari cha kusukuma.

Sasa Mwalimu haendi peke yake. Msichana wa shule ya sekondari kutoka Donholm, aliyepata baiskeli yake ya mkono mwaka huu, hutangulia mara nyingi, na anakwenda kasi kuliko anavyoruhusiwa. Jumamosi ijayo watapanda hadi Kaloleni kwanza, waangalie kama mvua imeharibu njia ya nyuma ya ukumbi, halafu warudi kwa kupitia Buruburu. Fundi ameshatandaza tyubu kuukuu ndani ya matairi matatu ya msichana, naye ameomba utepe wa kupimia uwe mikononi mwake.